Mjusi Aliyempungia Mkono Bu Shahin

Bu Shahin, yaani baba Shahin, alipostaafu ukurugenzi katika wizara moja hapa Kuwait, watu wa ofisini kwake walimfanyia sherehe ya kumuaga iliyojaa vicheko kupita kiasi. Mwenyewe hakuona ajabu. Alirudi nyumbani Jabriya na shada la maua, saa ya ukutani, na imani kwamba wizara ingeporomoka kabla ya Ramadhani. Ramadhani ilifika ikapita. Wizara ikajengewa jengo jipya.

Akabaki na baraza lake. Mimi ni jirani yake ukuta kwa ukuta, na nimekaa kwenye baraza lile zaidi kuliko nilivyokaa sebuleni kwangu. Ni ukumbi mrefu wenye mito kuzunguka kuta zote. Yeye hukaa mwisho kabisa, ili kila anayeingia atembee mwendo mzima chini ya macho yake kabla ya kupewa mkono. Tulikuwa tukifika baada ya swala ya alasiri, tunakunywa kahawa, tunamsikiliza akieleza namna ambavyo yeye angeiendesha nchi, na tunatikisa vichwa. Hakuna aliyempinga. Kahawa ilikuwa nzuri, kila Alhamisi kulikuwa na machbusi, wali uliolaliwa na kondoo, na mtu mwenye akili hagombani na sinia.

Mambo yaliharibika pale Marzuq aliponunua kasuku. Marzuq ni kaka wa Wadha, mke wa Bu Shahin, na ana baraza lake mtaa wa pili. Kasuku yule alifundishwa kumwambia kila anayeingia, "Mungu awape heri." Basi. Hakujua neno lingine, lakini lilitosha. Watu wakaanza kupungua kwa Bu Shahin. Jumatatu moja tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa amelala.

"Watu wazima wanakwenda kusalimiwa na ndege," Bu Shahin alisema. "Nchi imefikia hapo."

Ijumaa iliyofuata alikwenda soko la wanyama, akanichukua nimsindikize. Alipita njiwa bila kuwatazama, akapita sungura, akapita mwewe kwa sababu mwewe kila mtu anaye. Alisimama mbele ya sanduku la kioo. Ndani yake kulikuwa na mjusi mdogo, urefu wa kalamu, rangi ya mchanga, kichwa kama mkuki, na miiba laini imemzunguka kidevuni. Ni mjusi mwenye ndevu, mwenyeji wa majangwa ya Australia, ingawa huyu alizaliwa kwenye sanduku na jangwa hajawahi kuliona. Bu Shahin aliinama kumtazama. Mjusi akainua mkono mmoja, akauzungusha hewani taratibu kama mtu anayeaga jamaa zake uwanja wa ndege, akauweka chini.

Bu Shahin alinigeukia. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Umeona? Amenijua."

Muuzaji alijaribu kumweleza juu ya chakula, taa na joto. Bu Shahin alimkata. "Kijana, unanifundisha mimi mijusi? Mimi nimetoka jangwani." Bu Shahin alizaliwa hospitali iliyo hatua chache kutoka baharini, na akienda kupiga hema wakati wa baridi hubeba godoro la springi. Lakini muuzaji hakujua hayo, akanyamaza, akafunga sanduku.

Mjusi akaitwa Jemedari, akawekwa barazani kando ya mahali anapokaa mwenyewe. Na lazima nikiri kwamba watu walirudi. Kila mgeni alipofika, Bu Shahin aliinamia kioo na kunguruma, "Jemedari, wageni hao," na mjusi akainua mkono na kuupunga. Ukumbi mzima ukasema mashaalah. Bu Shahin akitoa maoni yake juu ya bei ya mafuta, mjusi alitikisa kichwa polepole, juu chini, juu chini.

"Hata yeye anaelewa," Bu Shahin alisema. "Na mna wenzenu wenye shahada wasioelewa."

Tukatikisa vichwa.

Kila alichofanya kiumbe yule kilikuwa na tafsiri, na tafsiri zote zilimwendea mwenye nyumba. Ndevu zilipogeuka nyeusi, tuliambiwa Jemedari amebaleghe. Alipojilaza bapa kama chapati chini ya kivuli cha mkono wa Bu Shahin, tuliambiwa amemsujudia mwenyewe. Alipokuwa akikwaruza kioo kutoka pembe hii hadi ile, ilikuwa mazoezi ya kijeshi. Bu Shahin alipoona mazoezi yanapendeza, akaweka kioo cha kujitazamia ndani ya sanduku, Jemedari apate kuuona uzuri wake. Mjusi aliona mjusi mwingine aliyemwingilia nyumbani, akavimba, akapanua kinywa, ndevu zikawa kama masizi.

"Anajipenda," Bu Shahin alisema kwa ridhaa. "Mtu asiyejipenda hafiki popote."

Na yote haya yalitendeka katika baridi. Ilikuwa mwezi wa Julai. Nje, usukani wa gari ulikuwa haushikiki bila kitambaa na paka walilala chini ya matangi ya maji. Ndani, Bu Shahin alikuwa ameweka viyoyozi viwili vikubwa kama makabati, na sisi tulikaa tumejikunyata ndani ya kanzu zetu kama samaki wa kugandishwa. Huko ndiko alikowekwa mjusi wa jangwani, chini ya taa ndogo ya mapambo, ya rangi ya kijani.

Chakula ndiko kulikokuwa na msiba. Shahin, mtoto mkubwa wa Bu Shahin, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyeingizwa na baba yake wizara ile ile, alikwenda kimya kimya akanunua nyenje wadogo waliozalishwa dukani, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele.

"Nini hiki?" baba yake aliuliza.

"Chakula chake, baba. Akiwa mdogo anakula wadudu, mara kadhaa kwa siku. Majani kidogo tu."

"Jemedari wangu ale vitu vya kutafuta kwa miwani?"

"Nimesoma kwamba..."

"Umesoma. Mijusi dhabu wa jangwani kwetu wanaishi miaka kwa majani matupu na wanakuwa wakubwa kama paka. Mjusi ni mjusi. Au siyo?"

Shahin alitikisa kichwa. "Ndiyo, baba."

Nyenje wakamwagwa bustanini, isipokuwa wachache walioamua kuhamia nyuma ya mito ya baraza, wakakua humo, wakatuimbia mwezi mzima. Bu Shahin akaanza kumlisha mwenyewe, kwa mkono, kutoka kwenye sinia. Alimpa tende. Alimpa ndizi. Alimpa nyama ya kondoo iliyochambuliwa kwa vidole vyenye samli. Kisha akasikia kwamba kweli mijusi hao wanakula wadudu, lakini hakumwambia Shahin kwamba amesikia. Akaagiza nzige wakubwa kuliko wote dukani, wenye miguu kama misumeno, akawa anamtumbukizia mmoja mmoja mbele yetu. Mjusi alimtazama nzige, nzige akamtazama mjusi, na sikuwa na hakika nani ni chakula cha nani. Njaa ikimzidi alimeza. Ilikuwa kama kumwona mtu akimeza kiti.

Wadha hakupenda mijusi. Ni mwanamke wa maneno machache, na yote yana ncha. Siku moja alifika kwenye mlango wa ndani wa baraza kuchukua birika, wageni tukiwa tumebaki wawili tu, akatazama sanduku kwa muda.

"Um Shahin, njoo akupungie mkono," mumewe alimwambia.

"Ananipungia wewe ukiwa umesimama hapo au ukiondoka?"

"Nikiwepo. Anayempenda ni mimi."

"Mh," alisema Wadha. "Mimi nimekaa naye asubuhi nzima nikifuta vumbi. Hakumpungia mtu." Akachukua birika lake akaondoka.

Bu Shahin alitugeukia akicheka. "Wivu," alisema.

Kuelekea mwisho wa Agosti, mjusi aliacha kula. Bu Shahin alisema amefunga. Siku zilizofuata aliacha kupunga mkono pia. Alilala pembeni, macho nusu, ndevu nyeusi mchana kutwa, na alipojaribu kusogea, miguu ya nyuma ilimfuata kama kanga iliyolowa. Tumbo lilikuwa limejaa na gumu.

"Amenenepa," alisema mmoja wetu, maana siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ndipo Marzuq akaja. Alikuwa hajatia mguu kwenye baraza lile tangu anunue kasuku, lakini alikuwa amesikia habari za Jemedari na udadisi ulimshinda. Alitembea mwendo mzima wa ukumbi, akampa shemeji yake mkono, akainama mbele ya sanduku.

"Bu Shahin, mnyama wako amekufa."

"Anafikiri."

"Anafikiri amelala ubavu?"

"Wewe umezoea viumbe wanaoropoka. Mwenye akili hunyamaza."

Marzuq aligonga kioo kwa ukucha. Mjusi alijaribu kuinuka. Miguu ya mbele ilisukuma, ya nyuma ikakataa, akaanguka na kidevu chake. Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Bu Shahin, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na tafsiri.

"Gari langu liko hapo nje," Marzuq alisema.

Tulikwenda watatu. Bu Shahin alikaa nyuma, sanduku la viatu lenye mjusi likiwa mapajani, na alipoona Marzuq anawasha kiyoyozi alisema, bila kelele, "Zima. Ametetemeka." Tukaenda hivyo hivyo, madirisha wazi, upepo kama wa tanuri ukitupiga usoni. Katikati ya safari mjusi alifumbua jicho moja. Marzuq alikuwa akitokwa jasho hadi kwenye ndevu lakini hakukigusa tena kiyoyozi.

Daktari wa wanyama alikuwa mama wa makamo aitwaye Nuriya, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimshika mjusi kama mtu anavyoshika yai, akambonyeza tumbo kwa kidole kimoja, akampiga picha ya eksirei, kisha akakaa.

"Nani anamlisha?"

"Mimi mwenyewe," alisema Bu Shahin. "Simwachii mtu."

"Anakula nini?"

"Anachokula mwanamume. Kondoo. Tende. Na nzige."

"Nzige wa ukubwa gani?"

Bu Shahin aliinua kidole chake cha kati, akakionyesha chote. Daktari alikitazama kidole, akamtazama mjusi.

"Huyu ni mtoto," alisema. "Mdudu wake asizidi upana wa nafasi iliyopo baina ya macho yake mawili. Nafasi hii hapa, unaiona? Kilichomo tumboni ni miguu ya nzige iliyokwama, na hakuna joto la kuisagia. Mjusi hana moto wake mwenyewe ndani. Anaazima wa jua. Unamweka wapi?"

"Barazani."

"Baraza lina joto?"

Marzuq alikohoa. "Daktari, baraza la shemeji yangu ukiacha maziwa usiku hayaharibiki."

"Na mifupa yake imelegea," daktari aliendelea. "Hapati mionzi kama ya jua, hapati unga wa kalsiamu. Ndevu zake hizi nyeusi zimeanza lini?"

"Alipobaleghe."

"Hajabaleghe. Ndevu zikigeuka hivi, ana baridi, au anaumwa, au ana hofu."

"Ni ipi kati ya hizo?"

"Kwako wewe, zote."

Nilitazama sakafu. Bu Shahin alijivuta kanzu, akatafuta sauti yake ya wizarani, akaipata nusu yake.

"Daktari, huenda nimekosea kidogo upande wa chakula. Lakini hofu hapana. Huyu ananipenda. Kila nikimkaribia ananipungia mkono."

Daktari alivua miwani. "Anainua mkono mmoja, anauzungusha polepole?"

"Hivyo hivyo. Salamu kamili."

"Bwana mkubwa, hiyo si salamu. Mjusi mdogo akikutana na mkubwa anayeweza kumla, hufanya hivyo. Anasema: nimekuona, mimi mdogo, sina ubishi nawe, niache niishi."

Ndani ya chumba cha pili paka alilia.

"Na kutikisa kichwa?" Bu Shahin aliuliza, na nilitamani asiulize. "Nikizungumza anatikisa kichwa. Anaafiki."

"Anatikisa haraka haraka au polepole?"

"Polepole."

"Basi maana ni ile ile."

Marzuq alisimama akasema anakwenda kutazama gari. Tulimwona dirishani. Aliuweka mkono kwenye boneti apate kujizuia, ukaungua, akauondoa, akaendelea kucheka huku akiupuliza.

Mjusi aliogeshwa maji ya uvuguvugu, akakandwa tumbo, akapewa mafuta kwa bomba dogo. Daktari hakuahidi kitu. Alisema mchukueni, mpasheni moto, msimpe chakula hadi tumbo lifunguke, na kuanzia leo msimjie kutoka juu. "Kinachomjia kutoka juu ni mwewe," alisema. "Ukitaka akuzoee, shuka chini alipo."

Siri haikukaa hata hadi magharibi. Marzuq aliipeleka barazani kwake, na kutoka kwake ikatembea Jabriya yote. Alhamisi iliyofuata baraza la Bu Shahin lilijaa kuliko siku zote, na nilipoona wamejaa nilijua si kwa ajili ya machbusi. Mgeni wa kwanza aliingia, mzee mstaarabu aliyekuwa chini ya Bu Shahin wizarani kwa miaka kumi na nne. Alifika katikati ya ukumbi, akasimama. Akainua mkono wa kulia, akauzungusha hewani polepole, akaushusha. Kisha akatikisa kichwa, juu chini.

Wa pili akafanya hivyo hivyo. Wa tatu naye. Ukumbi mzima ulikuwa unajiziba midomo kwa pembe za ghutra, vitambaa vyao vya kichwani. Watu hawa walikuwa wamekula wali wake miaka mingi, wakamvika kilemba cha ukoka kila Alhamisi, na sasa walikuwa wakimlipa. Nadhani baadhi yao hawakuwa wanatania hata kidogo.

Bu Shahin aliketi wima. Alipokea mikono yote. Sinia liliposhushwa aliwaambia karibuni, akasimama, akapita mlango wa ndani. Kesho yake baraza lilifungwa.

Yaliyotokea ndani ninayajua kwa sababu Wadha alimweleza mke wangu, na Shahin alinieleza mimi. Siku ile ile ya daktari mjusi alihamishiwa ghorofani, chumba kidogo cha kuanikia nguo ambacho hakina kiyoyozi. Shahin alinunua taa ya joto na taa ya mionzi. Kioo cha kujitazamia kilitolewa. Usiku wa tatu, alipotoka kuogeshwa, tumbo la mjusi lilifunguka juu ya zulia la chooni, na Bu Shahin, mtu aliyewahi kumrudisha nyumbani mhudumu kwa sababu ya doa kwenye kikombe, aliita nyumba nzima waje kutazama.

"Umekuwa bibi mlea wajukuu," Wadha alimwambia.

"Um Shahin, tazama. Mguu mmoja umetoka mzima mzima."

"Naona. Niufunge kwenye boksi nimtumie Marzuq?"

Baada ya hapo alianza kumlisha upya, na hili Wadha alilieleza kwa utulivu wa mtu aliyeona maajabu. Mumewe alisimama jikoni, mbele ya ubao, akikatakata majani ya haradali na boga vipande vidogo kama vya kulishia ndege. Katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kumwona ameshika kisu, isipokuwa mbele ya kondoo aliyekwisha kuiva. Aliwatia nyenje wadogo kwenye mfuko pamoja na unga wa kalsiamu, akautikisa, wakatoka weupe kama wamejipaka poda ya harusi. Asubuhi na mchana na alasiri alipanda ngazi na mfuko wake, akisubiri taa iwake vizuri kwanza, maana mjusi asipoota moto hali. Akimaliza kula waliobaki walitolewa, kwa sababu nyenje mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala. Alijifunza kwamba mjusi akipanua kinywa chini ya taa hacheki. Anapunguza joto, kama mbwa. Alijifunza kwamba akifumba macho ukimkaribia, haoni raha. Anatumaini wewe hupo.

Na alishuka chini. Hili ndilo gumu kulieleza kwa mtu asiyemjua Bu Shahin na tumbo lake. Alikunja kanzu, akapiga magoti, akalala kifudifudi kwenye vigae, kidevu juu ya mikono, akakaa hivyo hadi kiumbe yule mwenye urefu wa kalamu amwone kuwa si mwewe. Siku za mwanzo mjusi alimpungia mkono. Bu Shahin alikuwa akigeuza uso akitazama ukuta, hadi mkono ushuke.

"Nilikuwa nikiusubiri mkono ule," alimwambia mkewe. "Nikifurahi nao."

Wadha alikuwa na majibu mawili matatu ya kumpa. Alimwambia mke wangu kwamba aliyameza yote, na kwamba yalikuwa makubwa kuliko nzige.

Shahin alimkuta katika hali hiyo, alasiri moja alipotoka kazini. Alisimama mlangoni. Baba yake alikuwa sakafuni, na kwa mara ya kwanza maishani kijana alimwangalia kutoka juu.

"Ingia taratibu," baba alinong'ona. "Usije na kivuli."

Shahin alivua viatu, akachuchumaa ukutani.

"Nimezungumza na mkurugenzi mpya," Bu Shahin alisema, bado kwa mnong'ono. "Mwezi wa kumi utapanda cheo. Idara ya ununuzi. Vizuri?"

Shahin alitikisa kichwa. Juu chini, polepole.

Bu Shahin aliona. Shahin aliniambia kwamba aliyaona macho ya baba yake yakitua kwenye kile kichwa, yakakifuata kikipanda na kikishuka.

"Umekubali au umeogopa?"

"Ndiyo, baba."

"Ndiyo ipi?"

Nyenje mmoja mweupe alikatiza kati yao, mjusi akamwinamia, akatoa ulimi, akamla. Shahin alisema ni kile kimlio kidogo cha kutafuna ndicho kilichompa moyo, ingawa hajui kwa nini.

"Sitaki idara ya ununuzi," alisema. "Sitaki wizara. Rafiki yangu ana gereji ya mashine za boti kule pwani, Fahahil. Nimekuwa nikienda kila Jumamosi, miaka miwili sasa. Ananitaka tushirikiane."

Shingo ya Bu Shahin iligeuka nyekundu, kisha zambarau. Alifungua kinywa, na sauti iliyokuwa imezoea kutikisa milango ikaanza kupanda. Mjusi akageuza kichwa. Kidevu chake kikaanza kuwa cheusi.

Bu Shahin akaimeza sauti. "Gereji," alinong'ona. "Grisi. Mtoto wangu mimi."

"Ndiyo, baba," Shahin naye alinong'ona. "Grisi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema unachokisikia sasa hivi wakikisema juu yako, kisha watachoka."

"Miaka miwili unanidanganya kila Jumamosi?"

"Hukuniuliza ninakwenda wapi. Uliniambia tu nikapite kununua mkate."

"Mpumbavu wewe."

"Sawa."

"Na mkate wenyewe ulikuwa wa jana kila mara."

"Kwa sababu nilikuwa naununua asubuhi, baba, kabla ya gereji."

Waligombana hivyo hadi adhana ya magharibi, wamelala na kuchuchumaa kwenye chumba cha kuanikia nguo, kwa sauti ambayo Wadha, aliyesimama upande wa pili wa mlango na nguo mikononi, alilazimika kubana pumzi ili aisikie. Alisema katika nyumba ile hapakuwahi kuwa na ugomvi uliokwenda mbali vile, kwa sababu ugomvi wao wote wa zamani ulikwisha kwa sentensi moja ya mume. Hawakupatana. Bu Shahin alitoka na alama za vigae kwenye viwiko, akakataa chakula cha usiku.

Shahin aliacha wizara mwezi wa kumi. Baba yake hakusema naye kwa wiki nyingi, isipokuwa juu ya mjusi, na juu ya mjusi walizungumza sana.

Baraza lilifunguliwa tena hali ya hewa ilipopoa. Msidhani Bu Shahin alikuwa mtu mwingine. Alikaa mahali pale pale, mwisho wa ukumbi, na sasa alikuwa bingwa wa tabia za mijusi. Alimkatiza kila mtu kumweleza maana ya ndevu nyeusi, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa amevaa miwani ya kamba siku ile na sisi ndio tuliokuja na nzige. Alimtembelea Marzuq, akatazama kasuku wake, akamwambia mbele ya wageni kwamba ndege anayejinyonyoa manyoya kifuani ana dhiki ya moyo na mwenye ndege ajitazame. Marzuq alikasirika siku tatu, kisha akampeleka kasuku kwa Daktari Nuriya, na haikujulikana aliambiwa nini huko, lakini alirudi akanunua tundu kubwa mara nne.

Kitu kimoja tu kilikuwa kipya. Bu Shahin akizungumza na wewe ukatikisa kichwa, alinyamaza katikati ya sentensi na kukutazama. Ilikuwa inaudhi sana. Watu kadhaa waliacha kuja, wakasema baraza limepoteza raha yake. Sisi tuliobaki tulilazimika kufikiri, na kwenye sinia la Alhamisi hilo ni jambo zito.

Kuhusu gereji, nilikuwapo, kwa sababu aliniomba tena nimsindikize. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi mwezi wa pili. Alisema tunakwenda Fahahil kutazama bei ya samaki. Hatukusimama sokoni. Shahin alikuwa ameingia hadi kiunoni ndani ya mashine ya boti, amevaa ovaroli, miguu tu ikionekana. Bu Shahin alisimama kando, kanzu yake nyeupe akiishikilia isiguse chochote, akatafuta mahali pa kukaa, hakuna. Shahin alijitoa, akamwona, akafuta mikono.

"Baba. Karibu."

"Nimepita tu."

"Basi nishikie tochi, kama hutajali. Mwenzangu hajafika."

Bu Shahin aliitazama tochi. Ilikuwa na grisi pande zote. Akaniangalia mimi, mimi nikatazama bahari. Akaichukua. Akaimulika mahali pasipostahili, mtoto akamwelekeza, akaimulika tena, na kwa saa nzima nilimsikia akilalamika kwamba spana ile si ya kazi ile, kwamba gereji nzima haina mpangilio, kwamba yeye angeanza na boti lile lingine. Shahin, kutoka ndani ya mashine, alikuwa akimjibu, "Hapana, baba. Hapana. Hilo pia hapana. Inua tochi kidogo."